Kurekodi maisha ya watu wa kwanza wa skimu za Nyandarua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyaokota kwenye mikutano ya vikundi, nje ya makanisa, na zaidi mazishini, pale mtu anapokuvuta kando na kukwambia, "Laiti mngekuja mwaka jana." Yanaanza na mambo ya msingi, halafu yanaingia kwenye magumu. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Tumetaja nambari ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mnarekodi nini hasa?

Tunarekodi maisha ya wazee waliofika Nyandarua, katikati ya Kenya, mashamba ya Wazungu yalipogawanywa, kuanzia mwaka 1962 hivi hadi mwisho wa miaka ya 1960. Hatuandiki historia ya vyama wala orodha ya machifu. Tunataka maisha ya mtu mmoja mmoja kwa sauti yake: alitoka wapi, alifika na nini, usiku wa kwanza alilala wapi, ng'ombe wake wa kwanza alimwitaje, deni alililipaje.

Kwetu wasifu wa mtu wa kawaida huandikwa mara moja tu, siku mbili tatu kabla ya maziko yake, na huandikwa na watu waliozaliwa baada ya mambo yenyewe kupita. Unaujua ulivyo: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akawa mkulima mwenye bidii, akaugua. Miaka 50 ya kupambana na baridi inayounguza viazi kwa usiku mmoja inamezwa na neno moja, "mkulima". Tunataka wasifu huo ausimulie mwenyewe akiwa hai, na akiweza ausikie ukisomwa.

2. Watu wa skimu ni kina nani?

Serikali ya kikoloni ilipoona Uhuru umefika mlangoni, ilianza kununua mashamba ya Wazungu na kuyagawa kwa Waafrika. Mpango mkubwa kuliko yote ulianza mwaka 1962 ukaitwa Skimu ya Ekari Milioni Moja. Fedha zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Hadi mpango ulipokamilika, takriban ekari milioni 1.2 zilikuwa zimegawiwa familia zipatazo 35,000 nchini Kenya. Sehemu kubwa ya eneo lililofanywa wilaya ya Nyandarua mwaka 1963, na ambalo leo ni kaunti, ilikatwa hivyo: Njabini, Kinangop Kusini na Kaskazini, Geta, Wanjohi, Kipipiri, Ol Kalou, Ol Joro Orok, na kwingineko.

Watu walitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Wengine walitoka kwenye mashamba ya Bonde la Ufa walikokuwa maskwota, yaani vibarua waliolima kipande cha tajiri kwa kumfanyia kazi. Ardhi haikuwa ya bure. Ilikuwa ya mkopo: wa ardhi wa miaka 30, na wa maendeleo, yaani ng'ombe, uzio na mbegu, wa miaka 10. Malipo yalidaiwa kila baada ya miezi sita. Ukimuuliza mzee wa skimu neno lililomnyima usingizi, hatataja ndovu wala baridi. Atasema "loni".

3. Kwa nini hamsemi "walowezi"?

Kwa sababu wazee wenyewe hawasemi hivyo. Masikioni mwa mtu wa Nyandarua, mlowezi ni Mzungu mwenye shamba. Mzee wetu mmoja aliposikia neno hilo likimhusu aliweka kikombe chini akauliza, "Mimi? Setla?" Wao hujiita watu wa skimu, au "sisi wenye namba", kwa maana ya namba ya shamba iliyoandikwa kwenye barua ya kugawiwa. Tunatumia neno lao. Suala la waliokuwepo kabla yao liko swali la 17.

4. Mimi sikufanya jambo lolote kubwa. Mtarekodi nini?

Karibu kila mzee huanza hivyo, akina mama hasa. Hebu tazama bonde la Wanjohi. Wazungu matajiri wachache waliokaa huko miaka ya 1920 na 1930 wameandikwa hata sherehe zao, na kifo cha mmoja wao, Lord Erroll, aliyepigwa risasi mwaka 1941, kinaandikwa mpaka leo. Bonde hilohilo baadaye lililisha maelfu ya familia kwa viazi, maziwa na pareto, yale maua yanayotengenezwa dawa ya wadudu. Nani ameandika walivyovuka mto na mtoto mgongoni wakati daraja lilikuwa gogo moja?

Jambo kubwa tunalotafuta ni hilo. Ukitueleza ulivyokausha pareto wiki ambayo jua halikutoka, umetupa kitu kisichopatikana kwenye faili lolote la serikali.

5. Je, kuna malipo? Mnaandikisha watu wa fidia?

Hapana, kwa yote mawili. Tunalijibu hili mlangoni kabla ya kuketi, kwa sababu wazee wameandikishwa mara nyingi na watu wenye daftari. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau (1952–1960). Baadaye kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018. Tangu hapo anayeuliza "ulikuwa wapi 1954?" hudhaniwa ameleta fomu.

Sema wazi, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu wa nyumbani: hakuna fomu, hakuna ada, hakuna fidia. Ukiona macho bado yanauliza, rudia. Afadhali akukatalie leo kuliko akusimulie kwa matumaini usiyoweza kuyatimiza. Kubeba sukari na majani chai ni adabu ya kawaida ya kutembelea mzee, hakuna ubaya.

## Kumhoji mzee

6. Nianze na nani?

Anza na mkubwa kwa umri, hata kama si msimuliaji mzuri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Uhuru amepita 80 leo, na aliyepewa barua akiwa baba wa watoto watatu anakaribia 90 au ameipita. Msimuliaji hodari wa miaka 70 atakungoja. Wa miaka 91 huenda asikungoje mpaka mvua za masika ziishe.

Halafu usiende tu kwa wale ambao kila mtu anakuelekeza kwao. Kila kijiji kina mzee wake wa historia, na hadithi yake imelainishwa kwa kurudiwa. Mtafute mama anayekaa nyuma ya shule, kibarua wa Mzungu aliyebaki pale shamba lilipogawanywa bila yeye kupewa namba, fundi aliyejenga nyumba za kwanza za mbao, mkunga.

7. Niulize maswali gani?

Uliza vitu vinavyoshikika. Ukiuliza "Maisha yalikuwaje?" utajibiwa "Yalikuwa magumu, lakini Mungu alitusaidia," na hapo mmefika mwisho wa barabara. Uliza siku ya kufika. Mlikuja na lori au kwa miguu? Lori lilikuwa la nani na lilibeba familia ngapi? Mlipakia nini, na nini mlikiacha? Mlipofika namba yenu ilikuwa na alama gani, kigingi au mti? Nani alikuonyesha mpaka? Usiku ule mlilala chini ya nini? Moto mliuwasha na kuni zipi? Maji?

Mama mmoja wa upande wa Geta alituambia kwa nusu saa kwamba hakumbuki lolote la siku ya kufika. Tukamuuliza alipika nini jioni hiyo. Akanyamaza, akacheka, akasema hakupika. Sufuria ilikuwa imebaki Murang'a kwa mamake mkwe, kwa hiyo walichoma viazi majivuni, vikiwa na matope, na mumewe akasema kama ardhi ndiyo tamu hivi basi ailambe. Kutoka kwenye sufuria hiyo akatusimulia saa mbili mfululizo.

Baada ya siku ya kufika, fuata kazi na fedha. Ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa wa kizungu, wa kwanza alinunuliwa wapi, alikufa lini, kwa ugonjwa gani? Maziwa yalibebwa na nani mpaka barabarani, saa ngapi asubuhi? Pareto ilichumwa na nani, na hela zilipotoka kwenye chama cha ushirika baada ya kukatwa loni, zilishikwa na nani? Uliza pia ngwatio, ile kazi ya kusaidiana shamba kwa shamba, na vikundi vya akina mama vya mabati, waliochanga mpaka kila mmoja akavua nyasi na kuezeka bati. Mama wengi wanaikumbuka siku mvua ya kwanza iliponyesha juu ya bati kuliko siku ya arusi.

Swali moja kwa wakati, kisha nyamaza. Kimya cha mzee si pengo la kuzibwa. Yuko njiani kwenda kuleta jambo.

8. Hakumbuki mwaka. Nifanyeje?

Usimlazimishe. Watu hawakuishi kwa kalenda, waliishi kwa matukio. Muulize jambo lilikuwa kabla au baada ya lipi. Haya yanasaidia Nyandarua: ukame wa 1961 na mafuriko yaliyoufuata mwishoni mwa mwaka huohuo, siku ya Uhuru, 12 Desemba 1963, kuuawa kwa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Machi 1975. Kifo cha Mzee Kenyatta, Agosti 1978. Maziwa ya shule ya Rais Moi yaliyoanza 1979. Jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Njaa ya 1984 na mahindi ya manjano.

Ya nyumbani yanasaidia zaidi. Ulikuwa na mimba ya mtoto gani? Kifungua mimba alikuwa ameanza shule? Kwa wanaume, uliza rika lao la tohara na wenzao walikuwa nani. Kisha andika alivyosema yeye, "mwaka niliokuwa na mimba ya kitinda mimba", na mwaka unaoukadiria uweke pembeni ukionyesha ni kadirio lako.

9. Tutumie Kiswahili au Kikuyu?

Lugha anayoiotea ndoto. Kwa wengi hapa ni Kikuyu; wapo wanaochanganya na Kiswahili cha mashambani walichojifunza kwa Mzungu na kwa vibarua wenzao. Mchanganyiko huo usiusafishe. Mzee akisema "nyapara", "kipande", "posho", hayo ni maneno ya maisha yake. Kama hujui Kikuyu vizuri, nenda na mtu anayekijua, lakini asiwe mtoto wa huyo mzee (tazama swali la 11).

10. Mazungumzo yachukue muda gani?

Saa moja, au moja na nusu. Mzee akianza kujikunyata kwenye shuka, simama. Rudi wiki ijayo. Kikao cha pili karibu daima hushinda cha kwanza, kwa maana amekaa usiku kadhaa akikumbuka.

11. Watoto wake wanamkatiza na kumsahihisha. Nifanye nini?

Hili hutokea karibu kila boma. Mwana anakaa mlangoni na kusema, "Hapana, baba, ilikuwa sitini na tano." Guka, yaani babu, ananyamaza, na tangu hapo anajibu akimtazama mwanawe. Omba kwa heshima kikao cha wawili, ukimwahidi mwana kwamba utamrekodi yeye pia siku yake. Wajukuu wadogo hawana shida hiyo. Msichana wa miaka 12 akimuuliza shosho, yaani bibi yake, "Na mlikuwa mnaoga wapi?", atapata jibu ambalo wewe ungeona haya kuliomba.

## Vifaa, kunakili na kuhifadhi

12. Simu ya kawaida inatosha?

Inatosha, ukiijali. Iweke kwenye hali ya ndegeni isilie katikati ya machozi. Ilaze juu ya kitambaa, karibu na mdomo wa msimuliaji kuliko wako, mahali ambapo vikombe havigongwi. Rekodi dakika moja ya kujaribu, uisikilize papo hapo. Zima redio. Epuka upepo wa nje. Kinangop iko mita zaidi ya 2,400 juu ya bahari na upepo wake humeza sauti nzima. Mvua ikianza kupiga bati, acheni, mnywe chai.

Anza kila rekodi kwa kusema tarehe, mahali, jina la msimuliaji na lako. Ukisahau hili, baada ya miaka mitano utakuwa na sauti ya mtu usiyemjua akilia juu ya ng'ombe usiyemjua.

13. Nihifadhi wapi?

Nakala tatu, na mojawapo isikae nyumba moja na nyingine. Mwaka wa kwanza niliweka vikao vyote kwenye kompyuta moja tu. Ilipopelekwa kutengenezwa ikarudi tupu. Wazee wawili kati ya waliokuwemo walikuwa wameshazikwa. Sijui namna ya kuwaomba msamaha watoto wao zaidi ya kuliandika hapa ili lisikupate.

Leo jioni, si kesho: nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje au fleshi inayokaa kwa mtu mwingine, moja kwenye hifadhi ya intaneti. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, kisha jina. Familia ipewe yake. Wengi huiomba kwenye simu, na hiyo ni nakala ya nne.

14. Ni lazima kuandika kila neno?

Si lazima, lakini ukiweza ni bora. Saa moja ya sauti itakula saa tano au sita za kuandika. Usipoweza, tengeneza mwongozo: kila dakika tano, mstari mmoja wa kinachozungumzwa. Anayetafuta habari za ushirika wa maziwa ataruka moja kwa moja hadi dakika ya 35.

Ukiandika, andika kwa lugha iliyosemwa, kisha tafsiri pembeni. Usimgeuze kuwa mwandishi wa insha. Akirudia "tukalima, tukalima, tukalima", hayo matatu yana uzito wake. Acha yote matatu.

15. Ameleta karatasi na picha za zamani. Nizichukue?

Usiondoke nazo. Piga picha hapo hapo, mchana, karatasi ikiwa imelala kwenye meza karibu na dirisha, pande zote mbili. Halafu mrudishie mkononi, yeye mwenyewe.

Na mpe nafasi azieleze. Mama mmoja alitutolea mkebe wa Kimbo uliotoboka kutu chini. Ndani kulikuwa na barua ya kugawiwa shamba iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikakatika, na risiti za loni zilizofungwa kwa uzi wa sisali, nusu mwaka baada ya nusu mwaka. Kila risiti ilikuwa na jina la mumewe. Alizipanga mezani akaanza kutuambia, hii ni pareto, hii ni pareto, hii ni fahali tuliuza, hii niliuza viazi vya mbegu, mwaka uliofuata tukalala njaa. Hakujua kusoma, alizitambua kwa mikunjo na madoa. Bila sauti yake, zile ni risiti tu za mwanamume aliyefanya kazi Nairobi na kurudi mwisho wa mwezi.

Kwa barua za serikali na ramani za skimu zenyewe, nenda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Nenda baada ya kikao cha kwanza, ili ujue unachotafuta, kabla ya cha pili, ili uwe na jipya la kuuliza.

## Mambo mazito

16. Akianza kuzungumzia Hali ya Hatari, nimwache aendelee?

Mwache, ila usimsukume. Aliyefika skimu 1963 alikuwa ametoka kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, ambako watu wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwa nguvu kuanzia 1954. Wengine walikuwa wametoka kizuizini, wengine msituni, wengine walikuwa homugadi upande wa serikali. Kisha wote wakapewa namba, jirani kwa jirani, wakachota maji mto mmoja na kuozana watoto. Kuna mambo waliyoyazika makusudi ili waweze kuishi pamoja.

Kwa hiyo akitaja jina la aliyemtesa au aliyemchongea, rekodi, lakini jina hilo lisionekane kwenye nakala ya kusomwa na watu. Wajukuu wa pande zote mbili wanakaa darasa moja. Akilia, usizime haraka kana kwamba amekosea. Muulize kama mpumzike. Na usiondoke akiwa bado huko. Mrudishe polepole kwenye jambo la leo, ng'ombe, wajukuu, chai ya pili.

17. Vipi kuhusu Wamaasai? Si walikuwa hapa kabla?

Walikuwepo, na rekodi isiyosema hivyo ina kasoro. Mkataba wa 1904 uliwaondoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa ili nchi ipewe Wazungu. Wa 1911 ukawaondoa hata Laikipia na kuwapeleka kusini. Majina hayakuhama. Ol Kalou ni Kimaasai. Ol Joro Orok ni chemchemi nyeusi. Muulize mzee wa skimu alipofika alikuta nini ardhini, nani alimwambia jina la kilima, kama kuna wachungaji waliokuja kunywesha mifugo. Wengi wana habari, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

18. Nyumba ina wake wawili, na kila mmoja ana lake. Nimsikilize nani?

Wote wawili, kila mmoja peke yake, siku tofauti, na usimpelekee mmoja maneno ya mwenzake. Usijaribu kuyapatanisha. Wakitofautiana kuhusu nani aliyefika kwanza kwenye namba, andika yote mawili. Na kama kuna ugomvi wa urithi, soma jibu linalofuata kabla hujabisha hodi.

19. Tuna kesi ya mpaka. Mnaweza kumrekodi mzee aseme shamba ni la nani?

Hapana. Ukiona kikao kimeitishwa kwa sababu hiyo, ahirisha mpaka kesi iishe. Mzee anayezungumza kwa ajili ya hakimu hasemi alivyokumbuka; anasema alivyofundishwa. Halafu jina letu likishaingia kwenye ugomvi mmoja, milango mingine kumi itafungwa. Mambo ya mpaka mpeleke kwa mpima ardhi na wakili.

20. Waliouza mashamba wakaondoka, nao ni wa kurekodiwa?

Ndiyo, na wametafutwa kidogo mno. Wapo walioshindwa na loni, walioogopa baridi, waliopoteza ng'ombe wote kwa mwaka mmoja. Wengine wako Nairobi, wengine walirudi kwao wakapanga chumba sokoni. Tukirekodi waliobaki peke yao, itaonekana kila aliyepewa namba alifanikiwa. Uliza kwa upole; kuna aibu hapo ambayo watoto wao hawajaambiwa.

21. Anachosema hakilingani na karatasi. Nani mkweli?

Weka vyote viwili. Karatasi inasema shamba lilitolewa 1964, yeye anasema 1962. Huenda amekosea. Huenda pia alikuwa tayari pale kama kibarua miaka miwili kabla ya barua, na kwake kufika ni kufika. Muulize tena kwa njia nyingine, usimsute kwa karatasi. Karani alikosea mara nyingi, hasa majina.

22. Ruhusa tunaichukuaje, na akibadili nia?

Ichukue kwa sauti mwanzoni, na tena mwishoni, kwa sababu mwanzoni hajui atasema nini. Mweleze nani atasikiliza, na kama itawekwa mtandaoni. Muulize kama atajwe jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuondoa ridhaa yake. Akiondoa, ondoa, hata kama ni kikao bora kuliko vyote ulivyowahi kurekodi. Wengi hawataki yote yaondolewe. Wanataka dakika tatu fulani zifungwe mpaka watakapofariki, na hilo linawezekana: andika ni dakika zipi, na uliheshimu.

23. Kumbukumbu zimeanza kumtoka. Tumechelewa?

Huenda bado. Usimuulize ya jana wala majina. Mpe kitu mkononi: jembe, kitana cha sufi, kikapu cha pareto kama kipo. Mwimbie wimbo wa kazi au wa kanisa wa siku zile, umsikilize anapoudaka. Kaa naye dakika 20 tu. Akichoka au akiogopa, acha kabisa.

24. Amefariki kabla hatujamaliza. Tufanyeje?

Kwanza, usipeleke rekodi matangani bila kuombwa. Sauti ya marehemu ikitoka ghafla kwenye simu inaweza kumwangusha mjane. Ngojeni mpaka watu watawanyike, kisha mwambieni mtu mmoja wa familia kwamba ipo na iko salama.

Baada ya mwezi au miwili, mkitakiwa, kaeni na waliobaki mkaisikilize pamoja, na simu nyingine ikirekodi. Ndugu yake atasema, "Hapo kuna kitu hakumalizia," na ataendelea pale marehemu alipoachia. Tulifanya hivyo Ol Joro Orok, jikoni, watu saba. Shosho alikuwa ameishia kwenye siku walipovuka na ng'ombe mmoja kutoka Gilgil wakifuata reli. Dada yake wa miaka 88, ambaye hakuna aliyejua kuwa alikuwepo safari hiyo, akasogeza kigoda karibu na moto akasema ng'ombe huyo aliitwa Wanjirũ, na kwamba alizalia njiani.